Simu Isimfukuze Bwana Shamba

Leo tunaandika habari ya jambo ambalo kwa watu wa mjini huenda likaonekana dogo, lakini kwa mkulima wa Nachingwea na Ruangwa si dogo hata kidogo. Ni shauri la kuziondoa semina za wakulima chini ya mwembe na katika maghala ya ushirika, na kuzihamishia katika mtandao, ili mkulima apate mafunzo yake ndani ya simu. Wanaolileta shauri hili hawana nia mbaya. Wasema kwamba bwana shamba ni mmoja na vijiji ni vingi. Mafuta ya pikipiki ni ghali. Masika yakikolea njia za vijijini hazipitiki. Na somo likisharekodiwa mara moja laweza kusikilizwa na watu elfu pasipo mwalimu kuinuka kitini. Hayo yote ni kweli, nasi hatuna sababu ya kuyakana. Lakini watu wa Kusini si mara yao ya kwanza kuletewa mpango wenye hesabu nzuri, na yatupasa kuuliza maswali yetu mapema, kabla semina ya mwisho haijafungwa na viti kurudishwa stoo.

Shauri lenyewe lilipata nguvu mwaka 2020. Mwezi wa Machi mwaka ule, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, serikali ilisimamisha mikusanyiko kwa muda, semina na warsha zikiwamo. Katika dunia nzima watu wenye kazi ya kuwafundisha wakulima walijikuta wamefungiwa nyumbani, wakaanza kufundisha kwa simu na kompyuta. Hatuwalaumu. Mtu aliyekutwa na mvua njiani hujikinga kwa jani la mgomba. Lakini mvua ilipokatika, wengi wao walitazama vitabu vyao vya hesabu, wakaona kwamba semina isiyo na nauli, isiyo na posho, isiyo na wali wa mchana, ni rahisi mno kuliko ile ya zamani. Basi jani la mgomba likaanza kuitwa nyumba.

Nachingwea inajua gharama ya mambo yanayoamuliwa mbali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wake mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Ekari zaidi ya milioni tatu zilikusudiwa kulimwa ili watu wa Uingereza, waliokuwa wametoka vitani na njaa ya mafuta, wapate mafuta ya kupikia. Matrekta yakashushwa, msitu ukang'olewa, bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikatandikwa mpaka Nachingwea. Waliopanga mpango ule walikuwa wasomi, tena wenye fedha. Walikuwa na ramani, na wahandisi, na makatibu wa kuandika ripoti. Jambo moja hawakuwa nalo: hawakukaa na mkulima wa hapa kumwuliza, kama ilivyopasa, mvua yake hunyesha vipi na udongo wake hugeuka vipi wakati wa kiangazi. Mpango ukafutwa mwaka 1951, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimekwisha teketea. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, hata leo mjini Nachingwea kuna mahali paitwapo Stesheni, na watoto waliozaliwa hapo hawajapata kusikia honi ya treni. (Wilaya ile ilipata heshima yake baadaye, ndugu zetu wa FRELIMO walipopewa kambi huko ya kujiandaa kuikomboa Msumbiji. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Hatusemi kwamba simu ni karanga za Waingereza. Twasema tu kwamba trekta halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba maneno yalishuka kutoka juu, wala hapakuwa na njia ya maneno kupanda kutoka chini. Simu pia yaweza kutumiwa hivyo hivyo, na itakayetumiwa hivyo italeta hasara ile ile, isipokuwa safari hii hasara haitaandikwa katika vitabu vya London. Itaandikwa katika mikorosho ya wananchi.

Tuwe wakweli kabla ya kwenda mbele. Semina tulizo nazo si zote za kulilia. Twazijua zile ambazo watu walewale wanne wa kila kijiji huitwa kila mwaka, kwa kuwa ni ndugu wa fulani au kwa kuwa wanajua kuandika majina yao vizuri katika karatasi ya posho. Twazijua semina za bango kubwa ukutani, hotuba ya mgeni rasmi iliyochukua saa mbili, soda moja moja, picha ya pamoja, kisha kwaheri. Mkulima alirudi kijijini na kalamu na daftari, na shamba lake likabaki kama lilivyokuwa. Mtu akisema kwamba semina za namna hiyo afadhali zife, sisi hatutasimama kaburini kulia. Tena bwana shamba mwenyewe mara nyingi hana lawama. Mwaka 2022 hesabu ya Wizara ya Kilimo ilikuwa kwamba maafisa ugani nchini ni kiasi cha 6,700, na wanaohitajika ni zaidi ya 20,000. Mtu mmoja amepewa kazi ya watu watatu. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan aliwagawia maafisa hao pikipiki kwa maelfu huko Dodoma, na lilikuwa jambo jema. Lakini pikipiki ililetwa ili bwana shamba afike shambani. Haikuletwa ili isimame chini ya kivuli cha ofisi ya kata huku somo likipita katika simu.

Sasa tuseme habari ya mkorosho, maana hapa ndipo penye roho ya jambo lenyewe.

Wazee wetu wanakumbuka msimu wa 1973/74, Tanzania ilipovuna tani 145,000 hivi za korosho, nyingi zikitoka Kusini. Wanakumbuka pia msimu wa 1986/87, mavuno yalipoanguka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, na hatutazificha: watu walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali, bei ilikuwa duni, na ukaja ugonjwa wa ubwiri unga, ule unaofunika maua kwa vumbi jeupe hata yakakauka bila kutoa tunda. Mtu alitazama mti mzima, mkubwa, wenye afya, na chini yake hapana hata korosho moja. Wataalamu wa Naliendele, karibu na Mtwara, walifanya kazi ya miaka katika jambo hili, wakapata kwamba unga wa salfa ukipulizwa kwa wakati wake huuzuia ugonjwa ule. Mashamba yakafufuka. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000.

Je, elimu ile ilifikaje kwa mkulima? Haikufika kwa karatasi. Mtu hawezi kuandikiwa barua namna ya kupuliza salfa akaelewa. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado katika majani na upepo haujaamka, maana umande huushika unga na upepo huuchukua. Anayepuliza lazima ajue asimame upande gani wa mti, ashike bomba kwa pembe gani, afunge uso wake namna gani asije akapofuka siku mbili. Lazima aanze maua yanapoanza, wala asingoje mpaka yawe meupe, kwani akingoja amechelewa. Na ajue kutofautisha: ua hili limeungua kwa ubwiri unga, na chipukizi hili limenyonywa na wadudu waitwao mbu wa mikorosho, ambao salfa haiwadhuru hata kidogo. Mambo haya mtu huyajua kwa jicho na kwa mkono. Bwana shamba alishika tawi, akaliinamisha, akasema, "Tazama hapa." Mkulima akatazama, akauliza, akashika mwenyewe, akakosea, akarekebishwa. Hapo ndipo elimu ilipoingia.

Kadhalika na kupogoa, na kubebesha mikorosho ya zamani ili izae mbegu bora. Mtu akionyeshwa kisu na kikonyo katika kioo cha simu atasema amefahamu. Mpe kisu, utaona. Ufuta nao una siri yake ya siku chache tu. Ukivunwa kabla ya wakati hauna uzito, ukingojewa vidonge vya chini vikipasuka, mbegu zimekwisha mwagika chini na kazi ya miezi minne imeliwa na sisimizi. Mkulima mwenye uzoefu huujua wakati huo kwa rangi ya vidonge vya chini, na rangi ya picha ya simu si rangi ya shamba. Karanga je? Hata ukipanda mbegu bora iitwayo Pendo, usipozikausha vizuri zitaingiwa na sumukuvu, sumu ya ukungu ambayo haionekani kwa macho wala haina ladha. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Namna ya kugeuza mashina ili karanga zitazame jua, na namna ya kutikisa ganda sikioni kusikia kama punje imekwisha achana na ganda, ni mambo ya kuonyeshana ana kwa ana.

Dunia nayo imekwisha yagundua hayo. Huko Indonesia, mwaka 1989, wakulima wa mpunga waliokuwa wakiangamizwa na wadudu walianza kufundishwa kwa mtindo wa shamba darasa: kikundi kikutane shambani kila wiki msimu mzima, kihesabu wadudu kwa vidole vyake, kijadiliane, kisha kiamue chenyewe kama dawa inahitajika. Mtindo huo umeenea nchi nyingi, Tanzania mojawapo. Hauna uchawi. Umejengwa juu ya jambo tunalolijua sote, kwamba mkulima humwamini mkulima mwenzake ambaye shamba lake ameliona.

Hayo ni ya mafunzo yenyewe. Lakini liko jambo jingine ambalo wapangaji wa mjini hulisahau. Semina ikiwa katika simu, nani atakayekuwamo?

Hebu tutembee katika kijiji chochote cha Mandawa au Mbekenyera kule Ruangwa, au tuvuke twende Kilimarondo na Matekwe kule Nachingwea. Wenye simu ya kupangusa wapo, nao wengi wao ni vijana na wafanyabiashara. Mzee mwenye mikorosho mia mbili ana kitochi chake kilichofungwa kwa mpira, na anachojua ni kupokea na kupiga. Mama ambaye ndiye apandaye, apaliliaye, avunaye na achambuaye karanga, mara nyingi simu ya nyumbani si yake. Ni ya mume, na mume amekwenda nayo mnadani. Mwenye simu hana bando. Mwenye bando hana mahali pa kuchaji. Mwenye vyote viwili inambidi apande juu ya kichuguu au asimame penye mti fulani ndipo mtandao umpate, na hapo asikilize habari ya mbolea huku jua likimchoma utosi. Kisha anaambiwa kwamba mafunzo sasa ni bure! Mzigo wa gharama haukuondoka. Umetoka katika bega la mwenye semina, ukawekwa katika bega la mkulima, kwa vocha ya mia tano mia tano.

Tena tuseme lugha. Wananchi wa wilaya hizi mbili ni Wamwera, Wamakua, Wamakonde, Wayao na wengine, nao Kiswahili wanakijua na kukipenda. Lakini bibi wa miaka sabini akitaka kueleza ugonjwa wa mhogo wake ataueleza kwa lugha aliyonyonya nayo, na bwana shamba mwenye busara humwachia aseme, akamsaidia kijana wa pale kutafsiri. Mashine haina subira hiyo. Na mafunzo mengine ya mtandao yanatoka yakiwa na maneno ya Kiingereza mpaka kichwani, hata mtu hajui aguse wapi ili aanze.

Baada ya kusema hayo yote, mtu asituelewe vibaya akadhani tunaitaka simu itupwe mtoni. La hasha. Simu imemfaa mkulima kwa mengi. Picha ya jani lenye ugonjwa yaweza kupelekwa Naliendele asubuhi, na jibu likarudi kabla ya jua kuzama, wakati zamani jani lenyewe lilikauka njiani. Utabiri wa mvua wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hufika mkononi. Wizara ina huduma yake ya M-Kilimo ambayo hata mwenye kitochi aweza kuitumia. Kenya wameonyesha mafunzo ya shamba kwa televisheni tangu mwaka 2012 katika kipindi cha Shamba Shape Up, na watu wengi wamejifunza humo. Tunalokataa ni simu kuwa kisingizio cha kumwacha mkulima peke yake.

Na katika jambo hili nchi yetu haina haja ya kwenda kuazima akili mbali. Tumekwisha kufundisha watu kwa chombo cha mbali, tena kwa umati mkubwa, kabla ya wengi wa wapangaji hawa kuzaliwa. Wakati ule chombo kilikuwa redio. Wakulima wa Canada walianza mwaka 1941 kukutana nyumba kwa nyumba kusikiliza kipindi chao cha redio na kujadiliana. India ikajaribu mtindo huo huko Poona mwaka 1956. Tanzania ikauchukua ikaufanya mkubwa. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kusema tangu miaka ya 1960 kwamba hatuwezi kungoja watoto wakue ndipo nchi iendelee, elimu lazima impate mtu mzima sasa hivi, na mwaka 1970 ukafanywa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kampeni zikafuatana. Ile iliyoitwa Mtu ni Afya, ya mwaka 1973, ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi nchi nzima, kwa wiki 12. Baada yake ikaja Chakula ni Uhai mwaka 1975.

Sasa tazama namna Mtu ni Afya ilivyofanywa. Redio haikuachwa izungumze peke yake. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza. Kila kikundi kilikuwa na kijitabu. Watu walikaa pamoja siku na saa iliyopangwa, wakasikiliza, kipindi kikiisha redio ikazimwa, na hapo ndipo kazi ilipoanza: wakasomewa kitabu, wakabishana, wakaulizana katika kijiji chetu nani hana choo na kwa nini, kisha wakachukua majembe. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu na maelfu. Kilichochimba vyoo ni kikundi, redio ilikuwa mgeni wake mwalikwa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, nao ni wa leo. Tangu mwaka 2024 korosho zetu, na ufuta vilevile, zimekuwa zikiuzwa kwa mnada wa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, lile liitwalo TMX. Mnunuzi hana haja ya kuja na bahasha yake. Lakini wakulima wa chama kikuu cha RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hawakuambiwa wakae majumbani wangoje ujumbe wa simu. Hukusanyika penye mnada, bei zikasomwa mbele yao, nao ndio wasemao kama wanauza au hawauzi. Mtandao umekuja mkutanoni. Mkutano haukwenda kupotelea mtandaoni. Nguvu hiyo ya kukataa si mchezo. Mwezi wa Oktoba 2018, kabla ya mtandao huu, wakulima wa korosho wa Kusini walizikataa bei walizoziona ndogo, mpaka serikali ikaingia kati, na mwezi wa Novemba ikatangaza kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo. (Habari ya malipo yaliyochelewa baada ya hapo ni chungu, na wengi bado wanaikumbuka.) Lakini je, kama kila mkulima angaliipokea bei ile peke yake, usiku, katika kioo chake, nani angalithubutu kusema hapana?

Hilo ndilo linalotutia hofu zaidi katika semina za simu. Katika semina ya ana kwa ana mkulima husimama akasema, "Bwana Shamba, dawa hiyo uisemayo bei yake ni magunia mawili ya mbaazi, sina." Wenzake wakacheka, wakaunga mkono, na bwana shamba akalazimika kutafuta shauri jingine au kuandika katika ripoti yake kwamba dawa ni ghali. Na mbaazi zenyewe, nani asiyekumbuka mwaka 2017 India ilipozuia kuzinunua, bei ikaanguka hata watu wakaziacha shambani? Habari kama hizo, na za kangomba anayezunguka usiku kununua korosho kwa bei ya kutupa, na za mizani ya ghala yenye mashaka, husemwa katika mapumziko ya semina kuliko wakati wa somo. Picha iliyorekodiwa haiwezi kubishiwa. Itaendelea kusema dawa ile ile kwa bei ile ile mpaka bando liishe.

Kwa hiyo sisi twasema hivi. Simu na ije, lakini ije kwenye kikundi. Ghala la kila chama cha msingi liwe na kioo kimoja kikubwa au projekta ndogo ya betri, na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kweli, wala si mtoto wa mwenyekiti kwa kuwa tu anajua kubonyeza. Huko India kazi ya Digital Green, iliyoanza mwaka 2006, imefanywa kwa njia kama hiyo: mkulima wa kijiji hupigwa picha akifanya kazi katika shamba lake mwenyewe, na wenzake huonyeshwa wakiwa wamekaa pamoja, na mtu wa kuongoza maswali yupo. Sisi tunao wakulima hodari wa ufuta wa mbegu ya Lindi 02 ambao wangefundisha kuliko mtaalamu yeyote mwenye tai. Wapigwe picha hao, na waachwe waseme kwa Kimwera pale panapohitajika.

Bando lilipwe na mwenye mradi, si na mkulima. Hili hatutalizungusha maneno. Fedha iliyookolewa kwa kufuta nauli na wali wa semina haikuokotwa njiani. Ilitengwa kwa ajili ya mkulima, na kwake irudi, iwe bando, iwe betri ya jua, iwe mafuta ya ile pikipiki.

Na bwana shamba aje. Hatudai aje kila wiki, maana tunajua hesabu ya 6,700. Lakini wakati wa kupanda, wakati wa maua ya mikorosho, wakati wa kuvuna ufuta na wakati wa kukausha karanga, mwili wake uonekane shambani, na jina lake liandikwe katika daftari la kijiji pamoja na siku aliyofika. Katikati ya nyakati hizo simu itamfaa sana, naye na sisi. Maswali ya kikundi yarekodiwe, yapelekwe, na ijulikane ni nani mwenye wajibu wa kuyajibu na katika siku ngapi. Swali lisilojibiwa mara tatu litawafanya watu waizime simu na kurudi kwenye pombe, na hapo msiwalaumu.

Wako watakaotuambia kwamba hayo ni ya zamani, kwamba njia ya kisasa haihitaji watu kukusanyika. Tunawakumbusha mwezi wa Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi ule kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Somanga, wilayani Kilwa, Kusini ikawa kama kisiwa. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zikakatika, na nchi nzima ikakaa na mtandao wa kujikokota. Barabara na mtandao viliondoka katika mwezi mmoja. Vilivyobaki vikifanya kazi ni vile vilivyokuwapo kijijini penyewe: kikundi, kiongozi wake, kitabu chake na shamba lake la mfano. Semina iliyojengwa juu ya simu peke yake ingalikufa siku ile, na hapana ambaye angalijua imekufa, maana hapangekuwa na mahali pa watu kukutana na kuulizana.

Mikorosho huanza kutoa maua katikati ya mwaka. Kabla ya hapo tunawaomba ndugu wanachama wa matawi yote ya wilaya hizi mbili, hasa ya vijiji vya mbali, wakutane na wakulima wenzao, wawe wanachama au wasiwe, waandikishe vikundi vya watu wasiozidi thelathini, wanawake wakiwa nusu au zaidi. Kisha watuandikie barua. Watwambie katika kijiji chao nani ana simu na nani hana, mtandao unapatikana wapi, na bwana shamba amefika mara ngapi tangu mvua za kwanza. Barua hizo tutazichapa kama zilivyo, na nakala tutawapelekea wakurugenzi wa halmashauri zote mbili, ya Nachingwea na ya Ruangwa.